Saa Ile Baada ya Maji Makali

Safari nyingi zinazochanganya yoga na kushuka mto kwa boti la mpira hupangwa kwa mtindo mmoja. Alfajiri mikeka hutandikwa ukingoni, watu wakajinyoosha huku jua likipanda. Saa tatu wanavaa helmeti na majaketi ya kuelea. Mchana wanarushwarushwa na mawimbi, wanapiga mayowe, wanapinduka, wanavutwa tena ndani ya boti. Jioni ni nyama choma, bia na muziki. Ratiba hiyo hupendeza kwenye picha. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni misuli na viungo vya watu, kama mimi niliye mtaalamu wa fiziotherapia, ratiba hiyo imepinduliwa. Kujinyoosha polepole kumewekwa saa ambayo mwili unataka kuamshwa, na saa ambayo mwili uko tayari kabisa kujifunza kutulia imeachiwa bia.

Sina ugomvi na nyama choma. Hoja yangu ni kwamba kuna faida halisi ya kuunganisha yoga na mto, na faida hiyo kwa sehemu kubwa imo katika saa moja inayofuata baada ya boti kufika mwisho wa safari. Ukiipoteza saa hiyo, umefanya mazoezi mawili mazuri siku moja, basi. Ukiitumia, yoga inakuwa somo na mto unakuwa mtihani wake.

Mji ambako mambo haya mawili yamekaa pamoja kwa muda mrefu ni Rishikesh, katika jimbo la Uttarakhand kaskazini mwa India, pale mto Ganga unapotoka kwenye milima ya Himalaya na kuanza kutafuta tambarare. Swami Sivananda, aliyekuwa daktari wa tiba huko Malaya kabla ya kuingia utawa, alianzisha hapo Divine Life Society mwaka 1936. Februari 1968 Beatles walikwenda kwenye ashramu ya Maharishi Mahesh Yogi kujifunza kutafakari, na jina la mji likavuka bahari. Mwaka 1977 Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest na Tenzing Norgay mwaka 1953, aliupanda mto huohuo kwa maboti ya injini akitokea Ghuba ya Bengal. Siku hizi maboti ya mpira huanzia Shivpuri, kilomita kama 16 juu ya mji, au Kaudiyala iliyo mbali zaidi, yakateremka hadi penye ngazi za mahekalu. Ujirani huo haukuwa wa amani siku zote. Mwaka 2015 mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku kambi za mahema kwenye fukwe za mchanga kati ya Kaudiyala na Rishikesh, na mwaka 2018 mahakama kuu ya jimbo ikasimamisha kabisa kushuka mto hadi serikali itunge kanuni. Mto ambao mamilioni ya watu huuabudu ulikuwa umegeuka uwanja wa michezo usio na refa.

Biashara ya kuuza vyote viwili kwa tiketi moja, kwa jina la utulivu wa akili, imeshafika Afrika Mashariki. Jinja, Uganda, ambako Nile inaanza safari yake kutoka Ziwa Victoria, watu wamekuwa wakishuka mto kwa maboti ya mpira tangu miaka ya 1990. Nchini Kenya, Sagana, mwendo usiofika kilomita 120 kaskazini ya Nairobi, hutumia maji ya mto Tana yanayoshuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Walimu wa yoga nao hawakosekani. Africa Yoga Project, shirika lililoanza Nairobi mwaka 2007, limefundisha vijana wengi kuwa walimu, na baadhi yao wametoka mitaa ambayo hakuna aliyetarajia kuona mkeka wa yoga. Kwa hiyo swali kwa msomaji wa huku halihusu tena kama mambo haya yanachanganyika. Linahusu namna ya kuyachanganya.

Hebu tuanze na kile kinachouzwa: umakinifu. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha programu ya kupunguza msongo katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliuchukua kutoka mafunzo ya Kibudha na yoga, akauvua mavazi ya dini, akauleta hospitalini. Kiini chake ni kuelekeza fikra kwa makusudi kwenye kile kinachotokea sasa hivi, bila kukihukumu. Naomba msomaji alishike hilo neno makusudi, maana hapo ndipo matangazo ya safari yanapoteleza.

Boti linapoingia kwenye maji makali ya daraja la nne, hakuna anayewaza deni la benki. Macho yako kwenye wimbi, masikio yako kwa nahodha, mikono iko kwenye kasia. Akili imekusanyika yote mahali pamoja. Watu hutoka hapo wakisema hawajawahi kuwa hapa na sasa namna hiyo, na wanasema kweli. Lakini umakini huo umenyakuliwa; hukuuweka wewe. Mto umekushika ukosi. Ukishafika maji tulivu mto unakuachia, na dakika kumi baadaye deni la benki limerudi na riba yake. Umakini unaofundishwa kwenye mkeka ni wa namna nyingine: hakuna kinachokulazimisha, pumzi yako ni jambo la kuchosha kuliko yote duniani, na bado unaambiwa uirudie kila akili inapotoroka. Ndiyo maana wengi huanza yoga na kuacha baada ya wiki mbili. Mto unampa mtu ladha ya akili iliyokusanyika hata kama hana nidhamu yoyote. Yoga inampa nidhamu, na ladha huchelewa sana.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kiitwacho Flow, alieleza hali ya mtu kuzama katika kazi mpaka akajisahau, na akaonyesha kuwa hutokea pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa anayeifanya. Kazi ikiwa rahisi mno, mtu huchoshwa nayo. Ikimzidi, huogopa. Kwenye mto jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Maji makali hupangwa kwa madaraja sita duniani kote: la kwanza ni maji yanayotembea tu, la sita ni mahali ambapo hata mabingwa hufikiri mara mbili. Mtu asiyewahi kushika kasia akipelekwa daraja la tano, anachopata ni hofu tupu, na hofu tupu haifundishi chochote isipokuwa kutorudi. Kwa ajili ya utulivu, daraja la pili na la tatu hutosha kabisa. Najua hilo haliuzi tiketi.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe una pande mbili. Upande mmoja hutuandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, mishipa inabana, adrenalini inamwagika kwenye damu. Upande wa pili huturudisha kwenye kula, kulala na kupona, na njia yake kuu ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ikapita shingoni hadi kifuani na tumboni. Hatuwezi kuamuru moyo upunguze mapigo. Ila pumzi ni mlango ambao ufunguo wake tunao. Kila ukivuta hewa, moyo huongeza kasi kidogo. Kila ukiitoa, vagasi hukaza breki na moyo hupunguza. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, pumua polepole, na utaisikia tofauti hiyo mwenyewe. Kwa hiyo pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mwili unasukumwa upande wa kutulia. Ukivuta kwa hesabu ya sekunde nne na kutoa kwa sita, unapata pumzi sita kwa dakika, na karibu na kasi hiyo ndipo mapigo ya moyo na mawimbi ya shinikizo la damu huanza kwenda pamoja. Mazoezi ya pumzi ya yoga, yaitwayo pranayama, yaliifikia kanuni hii karne nyingi kabla ya mashine ya kupima moyo.

Mtu anapotoka kwenye maji makali, adrenalini hupungua ndani ya dakika chache. Kortisoli, homoni ya msongo inayokwenda kwa mwendo wa kobe, hufika kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza, kisha huchukua saa moja au zaidi kushuka. Tena, James McGaugh wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba homoni hizi zinazomwagika wakati wa tukio na mara baada yake ndizo zinazokaza kumbukumbu. Hii ndiyo sababu mtu anaikumbuka siku aliyopinduka mtoni kuliko siku mia alizokaa ofisini. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, utaona kwa nini naing'ang'ania saa ile ya baadaye. Mwili umetoka juu na unashuka wenyewe; kazi ya yoga ni kuushika mkono wakati unashuka, ili ujue njia. Sisemi kwamba jambo hili limethibitishwa kwa vipimo vya kutosha. Nasema kwamba fiziolojia tunayoijua inaelekeza huko, na kwamba pombe, ambayo huharibu usingizi na kuuongezea mwili uliokwisha kupoteza maji juani njia nyingine ya kuyapoteza, inaelekeza kwingine.

Asubuhi ina kazi yake, lakini si ile inayofanywa. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kuushikilia msuli katika hali ya kuvutwa kwa zaidi ya dakika moja hupunguza nguvu zake kwa muda mfupi. Si kupungua kukubwa, na kwa mtu anayekwenda ofisini jambo hilo halina maana yoyote. Kwa mtu anayekwenda kuvuta kasia dhidi ya mto, sioni kwa nini aanze siku akiwa na bega lililolegea. Asubuhi mwili upewe mwendo: mkao wa paka na ng'ombe kwa ajili ya uti wa mgongo, mizunguko ya mabega, kuchuchumaa na kuinuka, kujipinda kiuno upande huu na ule bila kushikilia. Kupiga kasia ndani ya boti la mpira, licha ya watu wengi kudhani ni kazi ya mikono, ni kazi ya kiwiliwili. Unakaa juu ya bomba la nje la boti, mguu mmoja umeuchomeka chini ya bomba la katikati ili usitupwe, unainama mbele, unazamisha kasia, halafu kiuno ndicho kinachovuta. Anayevuta kwa mkono peke yake huchoka kabla ya wimbi la pili.

Bega lina hatari yake. Hutoka mahali pake mkono unapokuwa juu na nyuma ya mwili huku maji yakivuta kasia. Kanuni ni kuweka viwiko chini na mbele, mikono isivuke mabega. Wenye viungo laini sana, wale ambao mwalimu wa yoga huwasifu kwa kukunjika kama kamba, ndio ninaowahofia zaidi mtoni, kwa sababu kiungo kinachofunguka kwa urahisi hutoka kwa urahisi. Na mkono wa juu usiachie kamwe kile kishikio cha kasia chenye umbo la herufi T. Kikiachiwa hutafuta meno ya jirani, na huyapata.

Kuna jambo moja la asubuhi ambalo ningelipiga marufuku kabisa. Baadhi ya walimu hupenda kuchangamsha kundi kwa pumzi za haraka, kama kapalabhati, ambapo mtu hutoa hewa kwa kupiga tumbo mara nyingi mfululizo. Kwenye mkeka hazina shida kwa mwenye afya. Karibu na maji ni mchezo wa hatari. Hamu ya kupumua husababishwa hasa na kuongezeka kwa kabonidayoksaidi kwenye damu. Kupungua kwa oksijeni huchangia kidogo tu. Pumzi za haraka huifagia gesi hiyo nje. Mtu akizama muda mfupi baadaye, kengele yake inachelewa kulia, oksijeni inaisha kabla hajasikia haja ya hewa, na anaweza kuzirai chini ya maji. Waogeleaji wamekufa kwa njia hiyo katika mabwawa yenye maji ya kiunoni.

Ukianguka mtoni, mafunzo ya mkeka hupimwa bila huruma. Mkao wa kuelea ni mmoja: chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, mikono ikisaidia kuelekeza. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya pajani. Mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi na hakuna nguvu itakayokuinua. Pumzi nayo ina utaratibu ambao si wako. Kwenye mawimbi makubwa unavuta hewa ukiwa kwenye bonde kati ya wimbi na wimbi, unafunga mdomo kwenye kilele, kwa sababu kileleni ndipo maji huvunjikia usoni. Watu wengi hufanya kinyume: wakiinuliwa juu wanaona mwanga, wanafungua mdomo, wanameza mto. Aliyezoea kusubiri pumzi yake, kuiacha itoke yote kabla ya kuvuta nyingine, anao uwezo wa kungoja ile nusu sekunde. Huo ndio mchango wa yoga ndani ya maji, na ni mchango mkubwa.

Ubaridi wa maji huugeuza mchezo. Maji yaliyo chini ya nyuzi joto 15 hivi hukufanya ushituke na kuvuta hewa kwa nguvu bila hiari, kisha unahema mbio kwa dakika moja hadi tatu. Ganga ya Rishikesh, inayokunywa theluji ya Himalaya, inaweza kukufanyia hivyo. Sagana ni ya kiasi. Nile ya Jinja, inayotoka juu ya ziwa lililoko karibu na ikweta, ni vuguvugu mwaka mzima, ndiyo maana ni shule nzuri kwa wanaoanza: mwili una adui mmoja pungufu.

Jinja ina sifa nyingine inayoifaa yoga. Nile hapo ni mto wa ngazi: mporomoko mfupi wenye fujo, kisha dimbwi refu lililotulia, halafu mporomoko mwingine. Ni mto mkubwa sana kwa wingi wa maji, lakini anayeanguka husukumwa hadi kwenye dimbwi, akaokotwa. Isipokuwa Itanda, ambako sehemu mbaya zaidi hupitwa kwa miguu, boti likibebwa ukingoni. Mpangilio huo wa fujo na kimya ni zoezi lililopangwa na jiolojia. Nahodha mzuri, boti linapofika kwenye dimbwi, huwaacha watu wanyamaze kwa dakika mbili tatu kabla ya kuanza utani. Katika dakika hizo mtu anaweza kufanya kitu kimoja tu na kikatosha: kutoa pumzi ndefu mara sita, akihisi mapigo yanavyoshuka. Huhitaji mkeka wala mwalimu. Hakuna sababu ya kusimama kwa mguu mmoja juu ya boti la mpira, ijapokuwa nimeona picha za watu wakifanya hivyo, na nahodha nyuma yao akiwa na sura ya mtu anayehesabu siku za likizo.

Madimbwi yenyewe yameongezeka, kwa sababu isiyofurahisha. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, liliifunika Ripon Falls, pale John Hanning Speke alipodai mwaka 1862 kuwa amepata chanzo cha Nile. Bwawa la Bujagali, lililoanza kazi mwaka 2012, lilizamisha maporomoko yaliyokuwa maarufu kuliko yote kwa maboti, na Isimba, mwaka 2019, likameza mengine kaskazini zaidi. Uganda ilihitaji umeme, na sitajifanya kuwa taa za hospitali ni jambo dogo kuliko burudani ya wageni. Lakini Bujagali palikuwa pia mahali patakatifu pa Wasoga, makao ya roho ya Budhagaali, na kabla ya ujenzi kulikuwa na mabishano marefu kuhusu matambiko ya kuihamisha. Wanaofika leo kuuza utulivu wa kigeni kandokando ya mto huo wangefanya vyema kujua kwamba mto ulikuwa na waabudu wake kabla ya mikeka. India yenyewe ina alama yake hapo: sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitawanywa kwenye chanzo cha Nile, Jinja, mwaka 1948, na sanamu yake ipo bustanini hadi leo.

Maji yaliyotulia yana deni lake, nalo ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hivyo hupenda maji ya polepole yenye majani, pembezoni, kuliko katikati ya mkondo. Kwa maneno mengine, mahali panapokuvutia kukaa na kutafakari, miguu ikiwa majini, ndipo pabaya, na mahali unapoogopa ndipo pa afadhali. Mikao ifanyike nchi kavu. Aliyelowa Jinja apimwe wiki kadhaa baadaye. Dawa ya prazikwanteli ipo na si ghali.

Turudi kwenye ile saa. Jambo la kwanza baada ya kutoka majini ni nguo kavu, halafu maji ya kunywa na kitu kidogo cha kula. Mwili uliolowa ukilazwa chini kwa dakika kumi hupoa, misuli hukakamaa, na mtu hutetemeka badala ya kutulia. Kisha, pengine robo saa baada ya kufika, mikao ya kushikilia inaanza, ile iliyonyimwa nafasi asubuhi. Mkao wa mtoto, magoti yakiwa yameachana, mikono mbele, kwa ajili ya mgongo uliokuwa ukiinama mchana kutwa. Kujipinda ukiwa umelala chali, ukianza na upande ambao hukupigia kasia, maana safari nzima umekaa upande mmoja wa boti na nyonga zako zimepindia huko. Kunyoosha mikono na vidole vilivyokuwa vimeng'ang'ania kishikio. Halafu lile ninalolipenda kuliko yote: lala chini karibu na boti lililovutwa ukingoni, pandisha mashavu ya miguu yako juu ya bomba lake, uache uzito wote uende ardhini. Urefu wa bomba unakaribia kabisa kufaa, kana kwamba mtengenezaji alilijua hilo. Hapo pumua nne kwa sita, dakika kumi au zaidi. Akili itaanza kurudisha mchezo: wimbi lile, mayowe, sekunde ulipokuwa chini ya maji. Iache irudishe. Kila picha inapokuja, pumzi iwe ndefu. Hofu ile ile inapita tena kichwani, safari hii mwili ukiwa umelala salama.

Wasomaji wengi wataniuliza kuhusu dini, na ni swali la haki. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye kuchanganywa na ibada za Kihindu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua yoga kama shughuli ya michezo. Wachungaji wa kwetu nao wamegawanyika. Ushauri wangu ni wa mtaalamu wa viungo, si wa sheikh wala askofu: kama nyimbo za Kisanskriti zinakukwaza, ziache, faida ninayoizungumzia haitegemei hizo. Mwaka 2001 daktari Mtaliano Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika British Medical Journal utafiti wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kutamka mantra ya yoga. Vyote viwili viliishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na vyote viliboresha namna moyo unavyoitikia shinikizo la damu. Sala ya mama yako ilikuwa pranayama. Kuimba pia hurefusha pumzi ya kutoa, jambo ambalo wavuvi wa pwani wanaovuta jarife kwa wimbo hawakuhitaji kuelezwa na jarida lolote. Katika boti, kundi linaloimba pamoja hupiga kasia kwa mpigo mmoja, na hakuna anayeweza kuimba huku amezuia pumzi kwa woga.

Wapo ambao sitawaruhusu kuingia kwenye boti: mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa, mwenye kifafa, aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, na yeyote ambaye bega lake limewahi kutoka na halijatibiwa vizuri. Mwenye shinikizo kubwa la damu asizuie pumzi popote, mkekani wala mtoni. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda kwenye daraja la chini, mradi jaketi limekazwa hadi mtu akilivuta mabegani lisipande masikioni.

Kabla ya kulipa, uliza nani anaamuru majini. Mwalimu wa yoga akishaingia ndani ya boti ni abiria kama wewe. Sauti ni moja, ya nahodha. Uliza kama asubuhi watu watajinyoosha au wataamshwa. Uliza mto uko katika hali gani, kwani Sagana baada ya mvua za masika si ule wa Februari, na Rishikesh husimamisha safari kipindi cha mvua za monsuni. Uliza kama kuna taulo kavu. Na uliza saa ambayo gari linaondoka kurudi mjini. Wakikujibu kuwa linaondoka nusu saa baada ya boti kufika ukingoni, omba punguzo.